Kumwigiza Baba

5 Februari

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza, kama umesimama. Ile filamu niliyokudokezea, ya winga wa timu ya reli aliyekuwa pia mpiga tarumbeta wa bendi, nimeipata mimi. Tulipangwa kwenye korido watu kumi na wanne tukisubiri kuitwa, kila mmoja kajitutumua kifua kama mchezaji. Mmoja alikuja mpaka na viatu vya njumu, akawa anateleza kwenye sakafu na kuomba radhi. Wakanichukua mimi! Nilipotoka nje nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akavuka kwenda upande wa pili.

Unajua ni filamu ya nani. Mwandishi wake nilimsimulia mwenyewe habari za Baba, siku tuliyokuwa tumejibanza mahali tukingoja mvua ikatike, naye akaenda akaandika. Jina si la Baba, lakini karakana ya reli ni ileile, bendi ni ileile, na lile bao la dakika ya mwisho ni lilelile analolisimulia kila mwaka likizidi kupigwa kutoka mbali.

Sasa shida. Nilimpigia Baba simu nikamwambia nataka kumwigiza. Nikamwomba anieleze alivyokuwa akikimbia, alivyoshika tarumbeta, alivyosimama. Unajua alinijibu nini? "Muulize mdogo wako. Yeye ndiye tulikuwa naye." Akakata.

Roho iliniuma, sikufichi. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani na pumu yangu, Mama amefunga dirisha vumbi lisiingie, nawaona nyinyi wawili uani kupitia kioo. Asubuhi mpira, jioni tarumbeta. Nadhani kazi yangu ilianzia pale. Mtu akikatazwa kucheza, kinachobaki ni kuwaiga wanaocheza. Mlipokuwa mnapiga danadana nje, mimi nilikuwa mbele ya kabati la Mama nikiwaiga bila mpira, pumzi inatoka na mluzi.

Basi niandikie. Alisimamaje kabla ya penalti? Alifanyaje midomo kabla ya kupuliza? Nataka vile vidogo vidogo ambavyo havimo kwenye hadithi zake. Usininyime, tafadhali.

Kaka yako


16 Februari

Kaka Kifua,

Hongera. Mke wangu amesoma barua yako akanitaka niandike hongera kabla sijaanza maneno yangu. Kwa hiyo hiyo hapo ni yake, na hii ya pili ni yangu: hongera.

Simu zako sipokei kwa sababu tukiongea tunagombana, unalijua hilo. Kwenye barua angalau siwezi kukusikia unavyobadilisha sauti.

Na mimi nikutolee langu. Wiki iliyopita nilikwenda kung'olewa jino. Daktari kanipanua mdomo, koleo liko ndani, ananiuliza, "Eti wewe ndiye mdogo wake yule wa kwenye filamu?" Nimefundisha timu ya kiwanda cha nguo miaka tisa. Nimepiga tarumbeta kwenye harusi za nusu ya mji huu, pengine hata ya kwake. Lakini mdomo wangu ukifunguliwa, ni habari zako tu. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanyaje na koleo mdomoni?

Haya, Baba. Andika. Kabla ya penalti alikuwa anampa kipa mgongo. Anahesabu hatua tano kwa midomo, bila sauti. Anajipangusa kiganja cha kulia kwenye bukta mara mbili. Halafu anageuka ghafla na kwenda, na kipa hamtazami kabisa, anatazama nyavu. Kwenye tarumbeta, anachomoa kile kipande cha kupulizia, anakifumbata mkononi mpaka kipate joto, ndipo anakirudisha. Sauti ya juu ikikaribia anafumba jicho la kushoto. La kushoto tu. Ukifumba yote mawili umeharibu.

Na tarumbeta lenyewe huko kwenye filamu atapiga nani? Wewe huwezi, tusidanganyane, utazimia. Zile nyimbo za bendi ya reli ninazo zote kichwani, moja baada ya nyingine. Nauliza tu.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Tumefika katikati na mwili wangu wote unalia. Penalti tuliipiga jana mara kumi na tisa. Kipa ameambiwa aruke kushoto, mimi napiga kulia, na bado mara saba nilipiga nje! Kuna kitu kwenye mchezo wenu nakionea kijicho, nacho ni kwamba hakuna kurudia. Umepiga, umepiga. Sisi tunarudia mpaka jasho la kweli linakauka, anakuja dada wa vipodozi kunipulizia la chupa. Najua hupendi habari za penalti tangu ile uliyoikosa kwenye fainali, nisamehe, lakini hapa ndipo nilipokuelewa. Mara ya kumi na tisa nilimpa kipa mgongo, nikahesabu tano, nikapangusa kiganja mara mbili, nikageuka. Mpira ulipoingia, wale waliokodiwa kuja kushangilia walishangilia kabla hawajaambiwa.

Lile jicho la kushoto nalo limewapagawisha. Mwongozaji anataka kamera isogee mpaka ihesabu kope.

Muziki ndio umenishinda. Mguu unaweza kuudanganya, pumzi haidanganyiki. Nabonyeza vidole kwenye tarumbeta lililozibwa kwa tambara, sauti inatoka kwenye spika. Anayepiga ni mzee mmoja wa studio. Nilitaka kukuandikia kwamba walishampata kabla barua yako haijafika, lakini huo ni uongo. Waliniuliza kama namfahamu mpigaji yeyote nikasema simfahamu. Nilitaka niwe na kitu kimoja cha Baba ambamo wewe humo. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Sasa nisikilize. Filamu itaonyeshwa mpaka kwenye ukumbi wa mji wenu. Nimecheza filamu kumi na moja na Baba hajaona hata moja. Anaiita kazi ya kujifanya. Hii nataka aione. Nataka neno moja kutoka kinywani mwake, liwe zuri au baya, ila liwe la mtu aliyekaa akaniangalia mwanzo mpaka mwisho. Sijawahi kumwomba kitu kingine. Mwombe wewe, maana wewe hakukatalii.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Nimemwomba. Amekataa. Anasema magoti yanamuuma na viti vya ukumbini ni vigumu.

Huyo mzee wa studio mpe pongezi zangu. Nina mazoezi saa kumi, siwezi kuandika zaidi.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Humu ndani kuna tiketi mbili za Jumamosi ya tarehe tatu, saa nane mchana. Nimechagua siti za katikati, mbali na mlango, upepo usimpige. Kama magoti yanasumbua, chukua mto wa nyumbani akalie. Mbebe mgongoni ikibidi, mgongo unao.

Na yeye nimemwandikia kikaratasi chake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kumwambia kwamba namwomba aje. Nimefanya hivyo ili safari hii, kama ni kukataa, akatae mwenyewe.

Jana nimejaribu kusoma kitabu nikashindwa, nimejaribu kulala nikashindwa. Mtu mzima mwenye mvi mbili kidevuni, nasubiri kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Niandikie haraka, hata kwa mistari mitatu. Usinitilie chumvi na usinipunguzie.

Kaka yako


6 Agosti

Kaka,

Tulikwenda. Baba alivaa koti lake la kijivu. Alisinzia kabla ya mapumziko. Tarumbeta lilipolia aliamka akauliza saa ngapi. Tulipotoka hakusema kitu.

Watu wengine waliipenda, kama unataka kujua. Kwenye penalti walisimama. Mimi niliiona ndefu.

Mdogo wako


14 Agosti

Mdogo wangu,

Alisinzia. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo, na kila nikifika kwenye hilo neno nalitazama kama huenda limebadilika.

Nilikuwa nimepanga kuja mwisho wa mwezi. Siji. Mwambie shemeji asihangaike na kitanda. Wamenipa kazi nyingine, ya mwalimu mlevi, nimewaambia sitaki. Nitamwigizaje mwalimu wakati baba yangu mwenyewe nimemwigiza mpaka nikamtia usingizi?

Na nikwambie jambo, maana nimechoka kulifunika kwa utani. Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu una meno ya maziwa. Nakuonea wivu hata kwa mlivyogombana! Ukikosea pasi alikuwa anakufokea mpaka majirani wanachungulia, nami nyuma ya kioo nikisema laiti angenifokea mimi. Mimi alikuwa ananisemesha polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, halafu anatazama saa. Ulipokosa ile penalti, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda mfupi sana. Nikadhani sasa tutakuwa sawa. Lakini yeye akakushika bega mkatoka uwanjani pamoja, na mimi nikabaki jukwaani kushika mkoba wa Mama.

Haya, basi. Baba ni wako. Nimejaribu kwa mwili wote nilionao, na mwili mwingine sina.

Kaka yako


1 Septemba

Mwanangu,

Mke wa mdogo wako amenionyesha barua yako ya mwezi uliopita. Kusoma barua za watu si adabu, lakini nimesoma.

Nani kasema nilisinzia? Mimi hata kitandani usingizi siupati. Filamu yako nimeiona mara mbili. Mara ya pili nilikwenda peke yangu Jumatano, nikamwambia kijana wa mlangoni kwamba huyo kwenye picha ya ukutani ni mwanangu. Akasema, "Sawa, mzee," vile wanavyosema kwa wazee waliochanganyikiwa.

Sasa nikuulize. Nani kakwambia mimi nilikuwa napiga penalti? Penalti nilizikimbia maisha yangu yote! Refa akishaonyesha kidole tu, mimi nainama kufunga kamba za viatu mpaka apatikane mwingine. Na tarumbeta nilipuliza macho yote mawili yametoka, namtazama mkuu wa bendi asije akanifukuza. Anayempa kipa mgongo ni mdogo wako. Anayefumba jicho la kushoto ni mdogo wako. Nimekaa pale saa mbili namwangalia yeye akiwa na miaka ishirini, magoti yake mazima, anatembea ndani ya mwili wako.

Tena kuna jambo ambalo yeye hawezi kuwa alikueleza, kwa sababu hata mwenyewe hajui kama analo. Akiambiwa habari nzito, anainua kisigino cha kulia anakiacha hewani mpaka habari iishe. Wewe umelifanya, pale kwenye filamu kocha anapomletea yule winga habari za mama yake. Hilo ulilitoa wapi?

Kuna neno nilimwambia tukiwa bado tumekaa, nikamwagiza akuandikie, maana mimi kalamu inaniumiza vidole, kama unavyoona mwandiko. Naona hakukuandikia. Muulize.

Baba yenu


9 Septemba

We bwana,

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Miezi mitatu nimekuvaa wewe nikidhani nimemvaa Baba. Nimejifunza kupangusa kiganja chako. Nimefumba jicho lako mpaka likaanza kucheza lenyewe nikiwa napiga mswaki. Siku pekee ambayo Baba alikubali kuketi gizani anitazame mimi, kumbe anakutazama wewe! Hakuna mahali nitakwenda nisikukute? Hata ndani ya ngozi yangu umetangulia ukakaa.

Nijibu kama ulifanya makusudi. Ulikuwa unacheka ulipokuwa unaandika?

Na hicho kisigino kimeninyima raha. Hakuna aliyeniambia habari ya kisigino. Jana nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimevaa soksi moja, ndipo nikakumbuka nilipokiona. Ni uani, Baba anakuambia kwamba Mama amepelekwa hospitali, wewe umesimama na mpira kwapani, kisigino kiko juu. Mimi niko kwenye dirisha langu. Miaka yote hii nimeamini kwamba pale dirishani nilikuwa namtazama Baba. Sikuwa namtazama Baba. Nilikuwa nakutazama wewe, kwa roho mbaya, kila siku, bila kupepesa. Kwa hiyo Baba nisingeweza kumwigiza hata ungenieleza kweli tupu.

Alisema nini? Usinijibu kwa utani, nitakuchukia kabisa.

Kaka yako


20 Septemba

Kaka,

Mke wangu haongei nami tangu Baba alipokuandikia, kwa hiyo nyumba iko kimya na nina nafasi ya kuandika vizuri.

Mwezi wa nne sikumwomba Baba. Sikufungua hata mdomo. Habari za magoti na viti nilizitunga nikiwa nafunga bahasha. Hilo ni la kwanza.

La makusudi. Nilipoketi kukuandikia ile barua nilitaka kukupa Baba, kweli kabisa. Nikafumba macho nimtafute, simpati. Miaka kumi na tano nimecheza naye uani, nimepuliza naye tarumbeta moja tukipokezana, na sijui alilishikaje! Nikitafuta mikono yake naona yangu. Kumbe muda wote tulipokuwa pamoja mimi nilikuwa na shughuli moja tu, kuangalia kama ananiangalia. Nikaona aibu kukwambia sijui, mimi ambaye ndiye tulikuwa naye. Nikakuandikia ya kwangu nikasema potelea mbali, hatajua. Kucheka sikucheka. Nilipofika kwenye lile jicho la kushoto ikaniingia tamaa. Nilitaka na mimi nionekane pale juu, hata kama ni kwa jina la mtu mwingine.

Nimeonekana. Lo, Kaka, ile penalti! Nilipokosa yangu uwanja mzima ulinyamaza mpaka nikasikia ndala za muuza maji zikishuka ngazi za jukwaa. Tangu siku ile wachezaji wangu nawafundisha penalti kwa mdomo tu, mpira siugusi. Wewe ukauweka pale, ukampa kipa mgongo, mgongo wangu mimi, ukahesabu hatua zangu, ukafunga. Ukumbi ukasimama. Nilitaka kupiga kelele, jamani, huyo ni mimi! Na papo hapo nikamchukia huyo mtu. Nilimwonea wivu mtu ambaye ni mimi, ila yeye amefunga. Umewahi kusikia ujinga wa namna hiyo?

Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa analia. Machozi hasa, anayafuta kwa mkono wa koti la kijivu. Nilipokosa ya kweli hakulia. Alinishika bega akasema twende nyumbani, na njia nzima akaongelea bei ya mafuta ya taa. Halafu analia kwa penalti iliyorudiwa mara kumi na tisa na kipa ameambiwa pa kuruka! Nilitamani kusimama niondoke nimwache pale na mto wake.

Ndipo akasema hilo neno, akaniambia nikuandikie. Nilikuandikia kwamba alisinzia.

Nilidhani nikilinyamazia litabaki kwangu. Wiki saba nimekaa nalo. Nalisikia nikiwa mazoezini, nalisikia katikati ya harusi ya watu nikipuliza, mpaka nakosea wimbo. Halinisaidii chochote, kwa sababu mimi simo ndani yake. Ni lako lote.

Alikuwa amenishika goti. Macho hajayatoa kwenye skrini. Alisema, "Yule mtoto dirishani. Nilikuwa nakwepa kumtazama, kifua kile kilikuwa kinaniumiza mimi. Nikadhani amelala, kumbe alikuwa anatutazama."

Mdogo wako